Tairi la Nyuma

Mng'ongoni, Kibiti
3 Julai 2025

Bwana Twalha,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu. Nimejaribu simu yako mara kadhaa, haipatikani. Mtoro anasema huko Salale mtandao ni mpaka mtu apande juu ya mkoko, ndiyo maana naandika. Yeye atakuletea karatasi hii kwa boti lake kutoka Nyamisati, na ukitaka kujibu atalichukua jibu akirudi.

Nina jambo moja tu. Tairi la nyuma la pikipiki limekwisha. Nyuzi zimeanza kuonekana, na juzi limechomwa na mwiba likalala kabisa. Tairi jipya na tyubu yake ninavyo, nimenunua Kibiti. Fundi wa kijiji hiki ulikuwa wewe, na sanduku la vifaa umeondoka nalo. Ningeweza kutafuta mtu wa kulipeleka Kibiti, lakini mwiba hauchagui mahali, na sitaki kukwama tena njiani bila kujua la kufanya.

Nieleze namna ya kubadili tairi hapa nyumbani kwa vitu vilivyomo nyumbani. Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu.

Rukaiya


Salale
9 Julai 2025

Bi Rukaiya,

Waalaykum salaam. Barua imefika. Mimi ni mzima. Natengeneza mashine za boti za wavuvi wa kamba. Chumvi inakula kila kitu huku, kwa hiyo kazi haikatiki.

Nilidhani pikipiki imefunikwa turubai pale nilipoiacha. Tairi haliishi kwa kukaa. Umeandika hutaki kukwama tena njiani, maana yake iko njiani. Nilisema mbele ya watu kwamba siku utakayopanda pikipiki yangu umeachika, na ukapanda, na neno likawa neno. Sasa hunihusu tena. Lakini pikipiki bado ni yangu, kwa hiyo nauliza: anaipanda nani?

Ulichouliza ni hiki. Tairi jipya lianike juani tangu asubuhi, mpira ulainike. Spana mbili za chini ya kiti sikuzichukua. Legeza nati kubwa ya ekseli ya nyuma wakati pikipiki bado iko chini, maana ikishanyanyuliwa ukivuta kwa nguvu itakuangukia. Ndipo uiweke kwenye stendi ya kati, na chini ya injini uwekee gogo. Fungua nati ya fimbo ya breki na ile bolti inayoshika sahani ya breki. Chomoa ekseli, sukuma gurudumu mbele, toa cheni kwenye meno, gurudumu litatoka lenyewe. Vile vibomba vidogo vya pembeni angalia kila kimoja kilikuwa upande gani, uvipange juu ya kitambaa vivyo hivyo.

Kisha toa upepo wote na ufungue kinati cha valvu. Ukingo wa tairi utakuwa umeng'ang'ania rimu. Ukanyage kwa kisigino kuzunguka. Ukikataa, chukua mchi wa kinu, usimamishe juu ya mpira karibu na rimu, ulalie kwa uzito wako. Usitwange, utapinda spoku. Vyuma vya kung'olea tafuta viwili vyembamba visivyo na makali, uvizungushie kitambaa. Panga hapana.

Twalha


Mng'ongoni
16 Julai 2025

Bwana Twalha,

Gurudumu limetoka. Cheni imenichafua mpaka viwiko. Mchi umefanya kazi, ukingo umeachia pande zote mbili.

Tairi lenyewe ndilo halitoki. Natumia upawa wa pilau na kile chuma cha kitanda kilichovunjika. Nikinyanyua huku, linarudi kule. Upawa umepinda. Mama alikuwa kwenye mkeka ananitazama, akasema, "Hilo tairi lina kichwa cha mwenyewe." Nikamwambia, "Mama, usinichekeshe nitaliachia." Akasema, "Ukiliachia litakurukia usoni, kama yeye." Basi tukacheka wote wawili na kazi ikalala siku ile.

Jirani Sadallah ametuazima pampu ya baiskeli yake. Alitaka kuvua shati aje kuvuta, nikamwambia aache, nangoja maelezo.

Swali lako nimelisoma. Mimi nimeuliza la tairi.

Rukaiya


Salale
21 Julai 2025

Bi Rukaiya,

Kosa lako ni la kila anayeanza. Rimu si bapa. Ipapase kwa ndani utaona katikati ina bonde linalozunguka. Upande ulio mbali na pale unaponyanyua, tairi lisukume liingie katika bonde hilo, upige magoti juu yake lisitoke. Likizama kule, huku unapata nafasi, na upawa wako hautapinda tena. Tairi halitanuki, linahamishwa tu. Anayevuta kwa nguvu hajaelewa.

Kulitia jipya ni hivyohivyo. Paka povu la sabuni kwenye kingo. Tazama mshale ubavuni, uelekee gurudumu linakozungukia likienda mbele. Tyubu itie upepo kidogo sana, ishike umbo tu isijikunje. Upande wa kwanza ukishaingia, ingiza tyubu, valvu kwenye tundu lake. Upande wa pili anzia mbali na valvu, umalizie penye valvu, na hapo uisukume valvu juu kidogo tyubu isibanwe. Kile kipande cha mwisho ndipo watu wanapotoboa tyubu mpya kwa haraka. Usiwe na haraka.

Sadallah ni jirani mwema. Sikujua kama wema wake unafika mpaka kuvua shati.

Twalha


Salale
21 Julai 2025

Bwana Sadallah, jirani yangu,

Salaam. Sitazunguka. Pikipiki yangu ilikuwa ikionekana kila Jumatatu asubuhi kwenye njia ya Mchukwi. Mtoro amesikia pale Nyamisati kwa watu watatu tofauti. Yuko mtu anaipanda na hataki kutajwa. Nimemwuliza Rukaiya, hajibu.

Nakuuliza wewe kwa sababu ua wako na wangu ni mmoja. Kama ni wewe, niambie, sitakuja na panga. Lakini yule mwanamke bado yumo katika eda, na nyumba anayokaa ni yangu, na mama yangu yumo ndani yake anaona.

Twalha


Mng'ongoni
31 Julai 2025

Ndugu yangu Twalha,

Nimecheka kidogo, kisha nikaacha. Mimi naogopa hata kuisukuma pikipiki. Mikorosho inanitosha.

Anayeipanda ni Rukaiya. Nyuma yake anakaa mama yako, amefungwa kanga kiunoni pamoja naye, asianguke akisinzia. Wanakwenda hospitali ya Mchukwi. Bi Mwamini ana kidonda cha mguu, na sukari yake imepanda. Kinaoshwa huko kila Jumatatu; siku nyingine, na tangu tairi livuliwe, Rukaiya anakiosha hapa uani mwenyewe. Wiki ile tairi lilipolala, walikokota pikipiki mchangani, mama amekaa juu yake, Rukaiya anasukuma, mpaka nilipowakuta mimi natoka shamba.

Nilimwuliza mama yako kwa nini asipande bodaboda kama watu. Akaniambia, "Nimkumbatie kijana wa watu mgongoni kwa umri huu? Nitamwambia nini marehemu?"

Nikamwuliza, "Twalha ana habari?" Akasema, "Baba yake aliondoka kwa kidonda cha namna hii. Twalha akisikia neno kidonda atanizika kabla sijafa. Mwache."

Siku ile uliporudi kutoka Ikwiriri nilikuwa upande wangu wa ua, nilisikia. Uliuliza, "Umepanda au hukupanda?" Akajibu, "Nimepanda." Ukaingia ndani kufunga sanduku. Nilidhani utatoka uulize swali la pili. Sikuingilia, ndoa ya mtu si shamba langu. Leo umeniuliza, nimekujibu.

Sadallah


Mng'ongoni
1 Agosti 2025

Bwana Twalha,

Tairi limeingia. Habari ya bonde ilikuwa kweli. Nilipopiga magoti kule, huku likatoka kama kofia. Kulitia jipya nilitoboa tyubu kwa upawa penye kile kipande cha mwisho ulichonionya, kwa hiyo nikalivua tena, nikasugua, nikapaka solusheni na kiraka, nikalitia mara ya pili. Limekaa na upepo siku mbili halijapungua. Cheni nimeiacha na ulegevu wa vidole viwili kama ulivyokuwa ukiiacha wewe. Breki inashika.

Kuanzia leo sikai tena katika nyumba hii. Naenda Mchukwi kwa kaka yangu Haruni. Mama anakuja nami kwa hiari yake, mwenyewe amefunga furushi la nguo zake kabla yangu. Ufunguo uko kwa Sadallah. Pikipiki nimeiazima. Sababu mwulize mama, ni yake kuisema, si yangu.

Sina swali jingine. Ahsante kwa maelezo.

Rukaiya


Salale
9 Agosti 2025

Rukaiya,

Barua yako na ya Sadallah zimefika kwa boti moja. Ya Sadallah nimeifungua kwanza.

Ni mguu gani? Wa kulia au wa kushoto? Sadallah ameandika mguu, wewe hukuandika kitu. Kidonda kina ukubwa gani? Kina harufu? Baba chake kilianza na harufu.

Mbele ya Mtoro na mpishi wa kambi nimesema kwa ulimi wangu: nimemrejea mke wangu Rukaiya. Ndio mashahidi. Nilitoka nyumbani mwanzoni mwa Juni, kwa hiyo kwa hesabu yangu eda yako inakwisha mwisho wa mwezi huu, na niko ndani ya wakati. Rudi nyumbani na mama. Nina mashine moja ya mtu iko wazi hapa mezani, siwezi kuiacha vipande vipande. Nikiifunga napanda boti.

Kwa nini hukuniambia?

Twalha


Mchukwi
14 Agosti 2025

Bwana Twalha,

Ni wa kulia. Wiki iliyopita wamekata kidole kidogo. Mguu wenyewe uko, na daktari anasema ukitunzwa utabaki. Harufu imekwisha. Anakula, anaswali akiwa amekaa, anamkosoa mke wa Haruni anavyopika mchicha. Usianze kuchimba kaburi.

Sasa hilo la kurejea. Wewe umehesabu tangu siku uliyoambiwa. Mimi nimehesabu tangu siku niliyopanda. Nimemwuliza ustadhi wa hapa, akasema talaka ya sharti huanguka saa ile sharti linapotimia, mume awe anajua au hajui. Siku hiyo ulikuwa ndiyo kwanza umekwenda Ikwiriri kwenye ile kazi ya mashine ya kukoboa, na ulikaa huko karibu mwezi. Na hesabu ya eda yangu si ya kalenda ya ukutani, ni ya mwili wangu, naijua mimi. Imetimia siku mbili kabla sijatoka nyumbani kwako. Ndiyo maana nilitoka. Ulipokuwa unasema maneno yale mbele ya Mtoro na mpishi, mimi sikuwa tena mke wa kurejewa.

Umeuliza kwa nini sikukuambia. Siku ile mama alishindwa kusimama kwa swala ya alfajiri. Nilipomvua soksi nikaona. Nikampakia nyuma, nikaishika pikipiki usukani, nikamwambia, "Mama, nikipanda hii nimeachika." Akasema, "Basi nishushe." Sikumshusha.

Uliporudi uliuliza kama nimepanda. Hukuuliza nilikwenda wapi, wala na nani. Mama alifumbua mdomo pale mlangoni, mimi nikamkazia macho akanyamaza. Aliyeniacha kwa ajili ya pikipiki sikutaka anirudie kwa ajili ya kidonda. Bado sitaki.

Kama unanitaka, njia unaijua, ni ileile anayopita kila mtu. Uje kwa kaka Haruni useme haja yako, naye aniulize mimi. Mahari yangu ni pikipiki, na kadi yake iwe na jina langu.

Rukaiya


Mng'ongoni
27 Agosti 2025

Rukaiya,

Jana nilipokuja hapo Mchukwi tulizungumza habari za tairi tu. Haruni alikaa kati yetu na kikombe chake cha chai hakikwisha mpaka nikaaga. Kwa hiyo naandika, ingawa safari hii tumetenganishwa na mwendo wa nusu saa tu.

Mguu nimeuona. Ulipokwenda kisimani mama aliniruhusu nimfungue bendeji. Niligeuza uso kidogo, akasema, "Tazama vizuri, sanda bado." Nikamwosha. Akaniambia unamwosha wewe vizuri zaidi, mimi nabonyeza mno. Kisha akalala huku nimemshika mguu, nikakaa hivyo hivyo mpaka uliporudi na ndoo.

Tairi pia nimelitazama ulipokuwa ndani. Limekaa sawa pande zote. Nilitafuta la kukosoa sikuliona.

Nimekaa nyumbani usiku mmoja. Nyumba ina mwangwi. Sadallah alileta ufunguo na bakuli la wali, akakaa kidogo, hakuniuliza kitu, nikamweleza kila kitu. Nilimwambia lile sharti nililitoa siku wateja wangu walipokucheka pale gengeni ukiijaribu pikipiki uwanjani, ukaizima mara mbili. Niliudhiwa na kicheko chao, nikakufunga wewe. Akasema, "Basi ungewafunga wao."

Leo nimekwenda Kibiti kuandikisha uhamisho. Kadi itatoka na jina lako. Sikuandikisha kama mahari. Nimeandikisha kama zawadi, na karani ameuliza mara mbili kama nimeelewa tofauti. Nimeelewa. Mahari hurudishwa mambo yakiharibika, na watu huanza kuhesabiana. Zawadi haina njia ya kurudi. Ukikataa posa yangu, pikipiki ni yako vilevile, kwa sababu Jumatatu mama ana siku ya kuosha na mimi hatakubali nimpeleke. Nimemwuliza. Amesema wewe unakwepa mashimo, mimi nayatafuta.

Mahari useme mengine. Keshokutwa nitatuma posa kwa Haruni kupitia kwa Sadallah na shemeji yake. Salale sirudi. Lile sanduku la vifaa liko barazani, na tangu asubuhi wamekuja watu wawili.

Twalha


Mchukwi
1 Septemba 2025

Bwana Twalha,

Sadallah alikuja na maneno mazuri kuliko nilivyotarajia. Alipomaliza alijifuta jasho kama aliyekuwa akilima. Kaka Haruni aliniita ndani akaniuliza mbele ya mama. Mama akajifanya amelala.

Nimekubali. Hakuna aliyenilazimisha, na si kwa sababu ya kadi. Ungeniandikia barua ile bila kadi ningekubali, lakini kadi naipokea.

Mahari nitajie msahafu na kitanda kipya, kile cha zamani unajua kilivyo. Uje Ijumaa baada ya swala, watu wasizidi wanaotosha mkeka mmoja, mgonjwa anahitaji utulivu. Mama atakaa hapa mpaka kidonda kifunge. Nami nitakuwa nakuja na kurudi mpaka hapo, uliweke hilo moyoni kabla hujatoka nyumbani.

Ustadhi atakayetufungisha ameniambia nikukumbushe, ingawa unajua. Nikaha mpya haifuti ile talaka ya kwanza. Moja imekwisha kutumika. Zimebaki mbili. Usiitundike hata moja juu ya safari zangu.

Rukaiya